Mtoto analia usiku kucha, je, mama hana maziwa?

Wiki iliyopita alikuja kliniki binti wa miaka 22 na mtoto wake wa kwanza, wa siku sita. Mama mkwe alikuwa nyuma yake na chupa mkononi. “Daktari, mkwe wangu hana maziwa. Mtoto halali, analia tu. Tumeanza kumsaidia na maziwa ya ng’ombe.” Binti alikuwa ameinamisha kichwa.

Mtoto alizaliwa na kilo 3.2, sasa alikuwa na 3.0. Hilo halikunitisha. Watoto wachanga hupungua kidogo siku za mwanzo, na wengi huwa wameurudia uzito wao wakifikisha wiki mbili. Nikauliza anakojoa mara ngapi kwa siku. Hakuna aliyehesabu.

Nikamwomba anyonyeshe. Alifumba macho na kuuma meno. Chuchu zilikuwa zimechanika, na mtoto alishika ncha tu. Mtoto wa namna hiyo hunyonya saa nzima bila kushiba, na mama huumia kila mara.

Tukaanza upya. Tumbo la mtoto liguse la mama, pua ielekee chuchu. Asubiri mpaka mdomo upanuke kama wa mtu anayepiga miayo, ndipo amvute mtoto kwenye titi, asimpelekee yeye titi. Kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu iingie mdomoni. Mara ya tatu tukamsikia akimeza. Mama mkwe naye alisikia.

Sikumcheka mtu. Nilipojifungua wa kwanza nilikuwa tayari daktari, naijua prolaktini na oksitosini, na siku ya tatu nililia kwa maumivu mpaka muuguzi mmoja mtu mzima aliponielekeza hivyo hivyo.

Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa. Kila chupa unayompa mtoto inalipunguzia titi kazi, na baada ya siku chache maziwa hupungua kweli. Ndiyo maana tunasisitiza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, hata maji asipewe, na anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Kuanzia siku ya tano akikojoa mara sita au zaidi, anapata ya kutosha.

Asipokojoa hivyo, akilala mno na kukataa titi, akiwa na homa au akiwa wa baridi, macho au viganja vikiwa vya njano, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mama naye aende akipata homa na titi likawa jekundu, gumu na lenye maumivu.

Walirudi baada ya siku tatu. Chuchu moja ilikuwa bado na kidonda, lakini mtoto alifika kilo 3.1. Kabla sijauliza, mama mkwe alisema: “Jana nepi saba, daktari. Nimehesabu mwenyewe.”