Saruji haitibu ukuta wa chokaa
Swali ni lile lile kila mara: rangi gani haibambuki? Anayeuliza kanunua au kapanga fleti Mji Mkongwe, Zanzibar. Anataka kwake kuwe kweupe, na tayari kashauriwa apige lipu ya saruji, kisha rangi ya mafuta juu yake.

Hapana. Ukuta ule ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na aghalabu unene wake ni nusu mita au zaidi. Chini unanyonya maji ya ardhini, juu unapokea ya paa na mabomba, na chumvi haikosekani. Lipu ya chokaa ina vinyweleo. Unyevu hupita humo ukakaukia nje. Ukiziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea, basi yanapanda zaidi. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inatanuka, inasukuma. Gonga kwa kifundo cha kidole pale rangi ilipovimba: utasikia uwazi. Bandua kipande, udongo unamwagika kama unga. Na bado fundi atakwambia uongeze saruji!

Watu wanadanganyika kwa sababu miezi ya mwanzo ukuta huwa safi. Lakini ndani unyevu unazifikia ncha za boriti zilizochomekwa ukutani, zinaoza mahali usipopaona. Boriti hizo ndizo zilizobeba sakafu anayolala jirani yako wa juu. Hili linaniuma kuliko rangi yoyote iliyobambuka.

Kwa hiyo anza na maji: bomba la choo, mfereji wa paa, kiyoyozi kinachodondokea ukutani. Saruji ibanduliwe kwa nyundo na patasi, taratibu. Ukuta uachwe ukauke, upigwe chokaa iliyolowekwa vizuri pamoja na mchanga usio wa pwani, matabaka membamba, kila moja likinyunyiziwa maji lisikauke kwa pupa. Malizia kwa chokaa nyeupe. Mwanga wa dirisha moja utaenea chumba kizima. Fungua madirisha yaliyozibwa, ng'oa dari ya plaiwudi. Ukuta wa kati usiuvunje kutafuta sebule kubwa: vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ni fupi, na ukuta huo umezibeba. Mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo pitia kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe upate kibali.

Fundi wako akiwa hajui kazi ya chokaa, tafuta mwingine kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji.