Nukta (10, 5) ni ya nani? Hesabu ya mzazi na mtoto kwenye dirisha la programu

Mtu akikuelekeza "nyumba ya tatu kushoto", lazima umuulize: ya tatu kuanzia wapi? Ukianzia kituo cha daladala utabisha hodi kwa mtu mmoja, ukianzia msikitini utabisha kwa mwingine. Viwianishi vya skrini, yaani zile namba mbili x na y, viko hivyohivyo.

Dirisha la programu ni vitu ndani ya vitu. Dirisha limebeba paneli, paneli imebeba kitufe. Kinachobeba tunakiita mzazi, kinachobebwa ni mtoto. Kila kimoja kina sifuri yake kwenye kona ya juu kushoto. x inakua kwenda kulia, lakini y, tofauti na grafu za shuleni, inakua kwenda chini.

Tuseme eneo la ndani la dirisha linaanzia (200, 100) kwenye skrini. Paneli iko (50, 80) ndani ya dirisha, na kitufe kiko (30, 20) ndani ya paneli. Umebofya (10, 5) ndani ya kitufe. Kupanda kwa mzazi, unajumlisha:

Kwenye paneli: (40, 25)
Kwenye dirisha: (90, 105)
Kwenye skrini: (290, 205)

Kushuka kwa mtoto, unatoa. Kutoka mtoto mmoja hadi ndugu yake, panda kwanza hadi kwa mzazi wao, kisha shuka upande wa pili.

Hesabu ya darasa la tatu, si ndiyo? Sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba ukikosea, kompyuta hailalamiki. (10, 5) ni namba halali popote. Fikiria programu ya kuweka alama kwenye picha za eksirei: alama ikihama pikseli 80 na kuhifadhiwa hivyo, atakayeifungua kesho ataamini uvimbe uko pale ambapo haupo.

Kwa wanaotumia Tkinter ya Python, mtego uko hapa. Ukifunga tukio la kubofya kwenye dirisha kuu kwa `bind`, mibofyo ya watoto wake nayo inafika hapo. Lakini `event.x` bado inapimwa kutoka kwa mtoto aliyebofywa, siyo kutoka kwenye dirisha. Dawa ni kupitia skrini, ambayo ni sifuri ya wote:

`x = event.x_root - dirisha.winfo_rootx()`
`y = event.y_root - dirisha.winfo_rooty()`

Na kama picha iko kwenye `Canvas` inayosogezwa, geuza tena kwa `canvasx()` na `canvasy()`, maana kilicho juu ya kioo sasa hivi huenda siyo mwanzo wa picha. Kwenye Qt kazi hii inafanywa na `mapTo()`, `mapFrom()` na `mapToGlobal()`.

Mazoea mazuri ni kuandika mwenye namba ndani ya jina lenyewe: `x_paneli`, `x_skrini`. Ukiona mstari unaojumlisha `x_paneli` na `x_skrini`, simama hapo hapo kabla hujaendesha programu.