Mtoto Arudipo na Tusi la Shuleni

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wazazi, huku Handeni na Korogwe, kama ilivyo kwingi nchini, mtoto husikia mengi kabla ya kurejea nyumbani. Husikia njiani, maana wapo wanaotembea mwendo mrefu. Husikia stendi na sokoni. Na zaidi husikia kwa wenziwe uwanjani. Kisha siku moja humwuliza mama yake: "Mama, neno hili maana yake nini?" Na neno lenyewe ni tusi la nguoni.

Wengi wetu hapo huinua mkono. Mtoto huchapwa, nasi hudhani tumelikomesha tusi, kumbe tumekomesha swali. Kesho atalisikia tena, atalificha, na maana yake atafundishwa na hao hao waliolitamka. La hatari zaidi, ipo siku huenda akatamkiwa maneno machafu na mtu mzima mwenye nia mbaya. Aliyezoea kupigwa kwa kusema, siku hiyo atanyamaza.

Dini yetu imelipa neno uzito mkubwa. Katika Surat Ibrahim, aya ya 24 hadi ya 26, Allah (S.W.) amelifananisha neno zuri na mti mwema wenye mizizi imara, na neno baya na mti muovu uliong'olewa. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Naye Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alihesabu kuwatukana wazazi kuwa miongoni mwa madhambi makubwa. Masahaba walipostaajabu, alibainisha kwamba mtu humtukana baba wa mwenziwe, naye akatukaniwa wa kwake. Hadithi hii hata mtoto wa darasa la tatu huielewa, kwani ugomvi mwingi wa uwanjani huanzia papo hapo.

Wapo watakaosema: "Huo ni utani tu." Kweli utani upo kwetu, wa babu na mjukuu na wa makabila. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, walikokutana wafanyakazi wa makabila mengi tangu enzi za Wajerumani, utani uliwasaidia watu kuishi pamoja. Lakini utani una wenyewe na una mipaka. Anayetaniwa hucheka, anayetukanwa huumia. Wala jina la utani halihalalishi uchafu wa ulimi.

Basi tufanyeje? Kwanza, tumsikilize mtoto kwa utulivu, tumshukuru kwa kuuliza, kisha tumweleze kwa kadiri ya umri wake kwamba neno hilo linavunja heshima ya mtu. Pili, tumpe la kujibu, mathalani: "Kwetu hatusemi hivyo," kisha aondoke. Kuondoka si woga. Tatu, tumuulize kwa upole amelisikia kwa nani na wapi. Na ikiwa ni mtu mzima, au mtoto ameguswa vibaya, tusione haya kulifikisha kwa mwalimu mkuu, ustawi wa jamii au polisi. Nne, tuzungumze na mwalimu wa darasa na ustadhi wa madrasa, ili mtoto asikie kauli moja kila aendako.

Mwisho, na hili ndilo zito, tujichunguze sisi wenyewe. Baba anayemwita mwanawe mbwa kwa kosa la kumwaga maji, na mama anayerushiana maneno na jirani kisimani, wanafundisha somo ambalo shule haiwezi kulifuta. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, na akashuhudia kwamba hakuwahi hata kuguniwa naye. Je, watoto wetu watatushuhudia nini?

Tunamuomba Allah (S.W.) azitakase ndimi zetu na za watoto wetu. Amin.