Mbao za Rachmaninov

Hyung-ki Joo ameketi kwenye piano na anapiga Priludi ya mtunzi Mrusi Rachmaninov, ile maarufu ya mwaka 1892. Anafika mahali ambapo noti zimejaa kuliko vidole vyake. Hapo mwenzake, Aleksey Igudesman, yuko ubavuni pake na mzigo wa mbao. Anampa ubao mmoja. Joo anaupokea, anaubandika juu ya vitufe, anaukandamiza, na piano inanguruma noti zote zilizoandikwa, bila kuzidi wala kupungua. Anauacha, wa pili umeshafika. Kisha wa tatu. Ukumbini watu hawana mbavu.

Nimeirudia rekodi ya onyesho hilo mara nyingi, na kila mara nimebaki na swali lilelile: tunacheka nini hasa? Hakuna aliyeanguka wala aliyetukanwa. Maneno yenyewe ni machache mno, maana kiini chake ni maelezo mafupi tu kwamba Rachmaninov alikuwa na mikono mikubwa. Tena ukifumba macho ukasikiliza tu, unachosikia ni Rachmaninov.

Jibu limo kwenye mbao zenyewe. Si mbao za kuokota. Chini ya kila ubao kuna vipande vilivyopangwa ili pale penye kipande kitufe kibonyezwe, na pale penye pengo kitufe kisalimike. Kwa hiyo kila ubao una noti zake na haufai kwa nafasi nyingine. Aliyeutengeneza alilazimika kufuata karatasi ya muziki noti kwa noti, na Igudesman naye anatakiwa kuutoa kwa zamu yake. Akikosea mpangilio, kinachosikika ni makelele, na mchezo umekufa mbele ya watu.

Isitoshe, shida wanayoichezea ni shida ya kweli. Rachmaninov alikuwa mtu mrefu sana, na husimuliwa kwamba mkono wake mmoja uliweza kutanda juu ya vitufe vyeupe 12 au zaidi. Mpiga piano wa kawaida akifika vinane ameridhika, akifika kumi anajisifu. Muziki wa piano huandikwa kwenye mistari ya safu mbili, moja ya mkono wa kulia na nyingine ya kushoto. Lakini Rachmaninov, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alipofika mwishoni mwa priludi hii aliandika safu nne, kana kwamba kuna watu wawili mbele ya piano. Wanafunzi wengi wa piano wamepafika hapo wakajiona wadogo. Joo anafanya hadharani kile ambacho kila mmoja wao alikitamani faraghani, kuongezewa mkono.

Tena angalia walivyochagua. Priludi hii inakwenda polepole mno pale mwishoni. Baina ya mshindo na mshindo kuna nafasi. Nafasi hiyo ndiyo inayomwezesha Joo kupokea ubao, na ndiyo hiyohiyo inayowapa watu muda wa kucheka bila kuufunika muziki. Wangechukua kipande cha mbio, kicheko kingegongana na noti na vyote viwili vingeharibika. Hapa ndipo naona wawili hawa ni wanamuziki kwanza, wachekeshaji baadaye.

Walikutana wakiwa na umri wa miaka 12 katika shule ya muziki ya Yehudi Menuhin, huko Surrey, Uingereza. Igudesman, mpiga fidla, alizaliwa Leningrad; Joo ni Mwingereza wa asili ya Korea. Onyesho lao lililowapa jina, "A Little Nightmare Music", lilianza mwaka 2004.

Ukumbi nao ni sehemu ya mchezo. Katika taarabu msikilizaji aliyeguswa huinuka, akacheza hadi mbele na kumtunza mwimbaji. Kukaa kimya kama maji ya mtungi kungekuwa karibu na dharau. Kwenye ukumbi wa muziki wa Mozart mambo ni kinyume. Mtu huzuia hata kikohozi. Kicheko kinapozuka mahali palipokatazwa kicheko hutoka kwa nguvu maradufu, kama watoto wanaobanwa na cheko msikitini au kanisani. Igudesman na Joo wanalijua hilo, ndiyo maana hufanya kazi yao na vyombo vilevile na heshima ileile ya jukwaa la muziki huo.

Lakini ukimya huo si wa tangu na tangu. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kwa furaha, akimweleza jinsi watu walivyopiga makofi katikati ya simfoni yake, wakati muziki unaendelea, mahali alipokuwa ametegea makusudi. Baada ya onyesho akaenda zake kula aiskrimu. Adabu ya kunyamaza kama mawe ilikomaa katika karne ya 19, Mozart alipokuwa amekwisha kufa zamani.

Wana mchezo mwingine unaoichanganya Simfoni namba 40 ya Mozart na muziki wa filamu za James Bond. Unaweza kudhani ni vitu viwili vilivyogandishwa kwa nguvu. Sivyo. Simfoni ile inaanza kwa noti mbili zilizo jirani kabisa, hatua ndogo kuliko zote kwenye piano, ya juu ikiteremkia ya chini na kurudia tena na tena kama mtu anayehema. Muziki wa Bond nao umejengwa juu ya hatua ndogo hiyohiyo, mahali palepale kwenye ngazi ya sauti, ila wenyewe unapanda badala ya kuteremka. Mlango ulikuwepo tayari. Wao wameusukuma tu. Vivyo hivyo pale Joo anapoimba kwa kwikwi "All by Myself". Wimbo huo wa Eric Carmen wa mwaka 1975 umetoa sehemu ya sauti yake katika kipande cha pili cha Kontsato ya Piano namba 2 ya Rachmaninov, kwa hiyo Joo anapomchanganya Rachmaninov na kilio cha mapenzi, anairudisha tu sauti hiyo kwao.

Wapo wanaoona huku ni kuuvunjia heshima muziki mkubwa. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na shahidi wangu ni jina la onyesho lenyewe. Limetokana na "Eine kleine Nachtmusik", muziki mdogo wa usiku, alioukamilisha Mozart Agosti 1787. Wao wameugeuza usiku kuwa jinamizi. Miezi miwili tu kabla yake, mnamo Juni, Mozart huyohuyo alikamilisha kazi aliyoiita Mzaha wa Kimuziki, na akaimaliza kwa kuvifanya vyombo vilie mshindo wa mwisho kila kimoja na ufunguo wake, kama bendi iliyopotezana njiani.