Kanuni za adhabu na saa katika futiboli ya Marekani

Kanuni za adhabu na saa katika futiboli ya Marekani ni taratibu zinazoamua timu iliyofanya faulo inarudishwa nyuma yadi ngapi, na lini saa ya mchezo inasimama au kuendelea. Watazamaji waliozoea soka huchanganywa sana na kanuni hizi, kwa sababu katika mchezo huu kosa hulipwa kwa umbali na pia kwa muda. Mara chache timu iliyokosa imewahi kutoka na faida. Makala hii inafuata kanuni za NFL, ambayo ni ligi ya kulipwa ya Marekani; kanuni za vyuo vikuu hutofautiana katika baadhi ya mambo.

Misingi ya mchezo

Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100 (mita 91.44), na kila upande kuna eneo la goli lenye urefu wa yadi 10. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele angalau yadi 10. Ikifaulu, hupata majaribio mengine 4. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani.

Kufikisha mpira katika eneo la goli huleta alama 6 pamoja na nafasi ya kuongeza 1 au 2. Kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo mbili huleta alama 3. Mashambulizi huongozwa na kwotabeki, ambaye hupokea mpira jaribio linapoanza, kisha huurusha, humkabidhi mwenzake au hukimbia nao.

Saa ya mchezo

Mchezo una dakika 60, zilizogawanywa katika robo 4 za dakika 15. Saa huhesabu kurudi nyuma hadi sifuri na kila mtu uwanjani huiona. Hapa kuna tofauti kubwa na soka, ambapo muda rasmi uko mikononi mwa mwamuzi. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika, tarehe 12 Januari 2022 mjini Limbe, Kamerun, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza kipenga cha mwisho kati ya Tunisia na Mali kabla ya dakika 90 kutimia. Katika futiboli ya Marekani ugomvi wa muda kwa kawaida huhusu swali jingine: je, saa ilipaswa kuwa inakwenda au imesimama?

Saa huendelea kwenda mchezaji mwenye mpira akiangushwa ndani ya uwanja. Husimama katika hali hizi:

- mpira uliorushwa mbele ukianguka bila kudakwa;
- timu ikipata alama, au mpira ukihamia kwa wapinzani;
- timu ikiomba mapumziko mafupi, ambayo kila moja ina 3 katika kila nusu;
- zikibaki dakika 2 katika kila nusu, ambapo kuna kisimamo cha lazima;
- mwenye mpira akitoka nje ya mstari wa pembeni.

Hali ya mwisho ina utata wake. Kwa sehemu kubwa ya mchezo, mchezaji akitoka nje saa huanza tena mara mwamuzi anapotoa ishara kwamba mpira uko tayari. Katika dakika 2 za mwisho za nusu ya kwanza na dakika 5 za mwisho za nusu ya pili, saa husubiri hadi jaribio linalofuata lianze. Ndiyo maana timu iliyo nyuma hukimbilia mistari ya pembeni mchezo unapokaribia kwisha.

Kuna pia saa ya pili, inayoipa timu sekunde 40 kuanzisha jaribio baada ya lililopita kumalizika. Baada ya baadhi ya visimamo hupewa sekunde 25. Ikichelewa, hurudishwa yadi 5.

Adhabu

Katika soka neno penalti humaanisha mkwaju wa mita 11. Hapa adhabu yoyote ni ya kusogeza mpira, kwa kawaida yadi 5, 10 au 15. Mshambuliaji akitikisika kabla mpira haujaanzishwa, timu yake hupoteza yadi 5. Akimshika mlinzi isivyo halali, hupoteza 10. Mlinzi akimvamia kwotabeki ambaye tayari amekwisha kurusha mpira, timu yake huadhibiwa yadi 15 na wapinzani hupewa majaribio mapya 4. Mlinzi akimzuia mpokeaji isivyo halali wakati mpira uko hewani, mpira huwekwa mahali faulo ilipotokea, hata kama ni yadi 40 mbele.

Mwamuzi hutangaza faulo kwa kurusha kitambaa cha njano chini. Baadhi ya faulo hutokea kabla ya jaribio kuanza, na hapo kipenga hupulizwa papo hapo. Nyingine hutokea mpira ukiwa unachezwa: kitambaa hurushwa lakini mchezo huendelea mpaka jaribio liishe, na saa huendelea nao.

Timu iliyokosewa inaweza pia kuikataa adhabu. Tuseme washambuliaji wameshindwa kusonga katika jaribio la tatu, na mmoja wao amemshika mlinzi. Walinzi wakikubali adhabu, wapinzani hurudi yadi 10 lakini hurudia jaribio la tatu. Wakiikataa, wapinzani hubakiwa na jaribio moja tu. Mara nyingi kukataa ndiko kwenye faida.

Adhabu zinapogusa saa

Bila kinga, timu iliyoishiwa mapumziko mafupi ingeweza kufanya faulo kwa makusudi ili saa isimame. Kwa sababu hiyo, katika dakika za mwisho za nusu, faulo ya washambuliaji inayosimamisha saa iliyokuwa ikienda inaweza kuwagharimu sekunde 10 pamoja na yadi. Zikiwa zimebaki chini ya sekunde 10, mchezo unaweza kuishia hapo. Timu yenye mapumziko yaliyobaki inaweza kutumia moja kuziokoa sekunde hizo.

Kanuni nyingine huwabana walinzi. Wakifanya faulo katika jaribio ambalo saa imefika sifuri, na wapinzani wakaikubali adhabu, huchezwa jaribio moja zaidi bila saa. Soka lina kanuni inayofanana na hiyo: kipindi hurefushwa ili mkwaju wa penalti uliokwisha kutolewa upigwe.

Mfano wa Mathias Kiwanuka

Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983 katika familia yenye asili ya Uganda. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, kisha jaji mkuu, na aliuawa mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin. Mathias alijiunga na New York Giants mwaka 2006 akiwa mlinzi.

Tarehe 26 Novemba 2006 Giants walicheza na Tennessee Titans mjini Nashville. Waliongoza 21–0 hadi robo ya mwisho, kisha Titans wakaanza kurudisha. Titans wakiwa nyuma kwa 21–14, walifika jaribio la nne wakihitaji yadi 10. Kiwanuka alimkamata kwotabeki Vince Young, na kama angemwangusha, mpira ungekuwa wa Giants. Badala yake alimwachia. Alieleza baadaye kwamba alidhani Young amekwisha kurusha mpira, naye hakutaka kuiletea timu adhabu. Young alikuwa bado nao. Akakimbia yadi 19, Titans wakasawazisha na kushinda 24–21. Hakuna kitambaa kilichorushwa katika tukio hilo. Hofu ya adhabu peke yake ilitosha kubadili mchezo.

Fainali ya mwaka 2012

Tarehe 5 Februari 2012 Kiwanuka alikuwa kikosini Giants walipocheza fainali ya ligi, Super Bowl, dhidi ya New England Patriots. Ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa.

Giants walikuwa nyuma 17–15, wakiwa karibu kabisa na eneo la goli na dakika moja hivi imebaki. Wangeweza kuiacha saa iende, kisha wapige mpira wa alama 3 mwishoni. Patriots wakaona heri kufungwa mapema, wakamfungulia njia Ahmad Bradshaw. Bradshaw alijaribu kusimama kabla ya mstari, lakini akaangukia ndani. Giants wakawa mbele 21–17, na Patriots wakabakiwa na sekunde 57.

Zilipobaki sekunde 17, Giants walikuwa na wachezaji 12 uwanjani. Wakati huo faulo hiyo haikusimamisha jaribio. Mpira uliorushwa haukudakwa, zikapotea sekunde 8. Patriots walipewa yadi 5, lakini sekunde hazikurudishwa. Waliocheza isivyo halali wakawa wamenufaika, nao wakatwaa ubingwa.

Mwaka huohuo NFL ilibadili kanuni. Walinzi wakijipanga wakiwa 12 jaribio linapotaka kuanza, kipenga hupulizwa mara moja, yadi 5 hutolewa na saa haipotezi sekunde.

Kufuatilia mchezo

Afrika Mashariki ina majina mengine katika ligi hii. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi aliyetoka katika raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Super Bowl huanza saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa za Afrika Mashariki.

Kitambaa cha njano kinapoanguka, maswali matatu humsaidia mtazamaji. Je, faulo ilitokea kabla ya jaribio au mpira ukichezwa? Ni ya washambuliaji au ya walinzi? Saa ilikuwa inakwenda au imesimama? Majibu yake hueleza sehemu kubwa ya yale ambayo mwamuzi atatangaza.