Land Rover kuukuu uani: Burudani isile mtaji wa shamba

WAHENGA walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini wapo watu ambao unyemi wao uko kwenye kikuukuu, hasa kikiwa na magurudumu manne na kimekaa juu ya mawe kwa miaka kumi au zaidi.

Katika miji kama Arusha, Moshi, Iringa na Nakuru, si ajabu kukuta Land Rover ya miaka ya 1960 au 1970 imefunguliwa boneti uani kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo. Pembeni kuna kopo la mafuta ya taa lenye nati na bolti zilizolowekwa ili kutu ilegee.

Mwenye gari hilo si fundi wa gereji. Ni mtu wa duka, wa shamba la mahindi au wa ng'ombe wachache wa maziwa, ambaye jioni na siku za mapumziko hushika spana kwa kujifurahisha.

Burudani hiyo haina ubaya. Tatizo ni kwamba inakula fedha, na mara nyingi fedha hiyo hutoka katika mfuko uleule unaonunua mbegu, mbolea na bidhaa za dukani. Gari la mapenzi linapoanza kula mtaji, familia nzima hulipa.

Gari lililobuniwa kwa ajili ya shamba

Mapenzi ya wakulima kwa Land Rover yana historia. Gari hilo lilibuniwa mwaka 1947 na Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, ambaye naye alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey. Alitaka gari la kufanya kazi za shamba, na likaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 30, 1948.

Wakati huo chuma kilikuwa cha mgawo nchini Uingereza kutokana na vita. Kwa sababu hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, ambayo haipati kutu kama chuma. Ndiyo maana bodi nyingi za Land Rover zimedumu hadi leo, hata pale ambapo magari ya rika moja nazo yalikwishageuka chuma chakavu.

Baada ya toleo la kwanza lilifuata Series II mwaka 1958, IIA mwaka 1961 na Series III mwaka 1971, ambayo ilitengenezwa hadi mwaka 1985. Nyingi za hizo zilifanya kazi Afrika Mashariki katika mashamba makubwa, misheni, mbuga za wanyama, polisi na idara za Serikali.

Mapenzi hayo hayajaisha. Oktoba 2024 jiji la Arusha lilifanya tamasha la Land Rover, na magari hayo yalikusanyika kwa wingi kwa lengo la kuvunja rekodi ya dunia ya msafara iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani.

Kadi kwanza, gari baadaye

Anayetaka kununua gari la namna hiyo kwa ajili ya kulifufua anapaswa kuanza na karatasi kabla ya kugusa spana. Namba ya chasisi, namba ya injini na rangi vilinganishwe na vilivyoandikwa kwenye kadi ya gari.

Injini ndiyo inayoleta matatizo zaidi. Land Rover nyingi za zamani zimewahi kubadilishwa injini, baadhi zikawekewa injini za dizeli za Kijapani, na mabadiliko hayo hayakuandikishwa. Gari lisilo na kadi, au ambalo mmiliki aliye kwenye kadi hajulikani aliko, ni bora kulihesabu kuwa ni spea tu na kulilipia bei ya spea.

Kwa upande wa Tanzania, mzigo mmoja ulipungua. Zamani ada ya mwaka ya leseni ya gari ilikuwa inaendelea kudaiwa hata kama gari ni bovu na limelala uani, na madeni hayo yaliwakatisha tamaa wengi. Serikali iliifuta ada hiyo mwaka 2017. Hata hivyo, mnunuzi bado anapaswa kwenda Mamlaka ya Mapato kuhakikisha kuwa umiliki unaweza kuhamishwa, kabla ya kutoa fedha.

Kutu ndiyo inayopanga bei

Wanunuzi wengi hutazama rangi na kusikiliza injini. Wote wawili, rangi na sauti, wanaweza kudanganya. Kinachoamua gharama ya kufufua Land Rover ni chasisi.

Ingawa bodi ni ya aluminiamu, chasisi ni ya chuma. Imeundwa kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa kuwa mfano wa bomba la pembe nne. Tope na maji huingia ndani ya bomba hilo, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Kwa nje chasisi inaweza kuonekana nzima, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, kumbe imebaki ganda.

Njia ya kupima ni rahisi. Mnunuzi alale chini ya gari akiwa na nyundo ndogo na bisibisi, agonge chasisi nzima. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi huingia. Sehemu za kuangaliwa zaidi ni mwamba wa nyuma, mikono inayobeba bodi pembeni, na mahali springi zinaposhikizwa.

Sehemu nyingine ni ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha dereva, hasa pale dereva anapoweka miguu. Aidha, popote chuma kinapogusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu nayo huliwa na kuwa unga mweupe. Wakati wa kuunganisha upya, rangi au kipande cha raba kiwekwe katikati ya metali hizo mbili.

Injini iliyolala isiamshwe kwa pupa

Kosa la kawaida ni kufunga betri mpya siku gari linapofika nyumbani na kupiga stata. Injini iliyokaa miaka mingi inaweza kuwa na kutu ndani ya silinda, na ringi za pistoni zikawa zimeganda. Kuilazimisha ni kuvunja ringi na kuchuna silinda, na kazi ambayo ingekuwa ya mafuta kidogo hugeuka kuwa ovaholi.

Utaratibu salama ni kutoa plagi zote, kumimina vijiko viwili vitatu vya mafuta ya injini katika kila silinda na kuacha hadi kesho yake. Kisha injini izungushwe polepole kwa mkono, kwa kutumia hendeli ambayo Land Rover za zamani ziliundwa nayo. Ikizunguka bila kukwama, oili ya zamani imwagwe na mpya iwekwe. Tangi la petroli nalo lisafishwe, kwani petroli ya zamani huacha utomvu unaoziba kabureta.

Kwa injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo ndiyo iliyotumika zaidi, vipimo ni vichache na havihitaji kompyuta. Nafasi ya valvu ni milimita 0.25, ya plagi ni milimita 0.75, na ya pointi ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Mtu mwenye fila geji na subira anaweza kuvirekebisha mwenyewe.

Jambo moja la kumuuliza fundi silinda hedi inapofunguliwa ni hali ya siti za valvu. Injini nyingi za zamani ziliundwa wakati wa petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Siti laini huliwa haraka na petroli ya sasa, na dawa yake ni kuwekewa siti ngumu.

Kabla gari halijatoka getini, breki zifunguliwe zote. Nyingi za Land Rover hizo zina njia moja tu ya mafuta ya breki, hivyo raba moja ikivuja gurudumu moja, pedali yote huenda chini na gari halisimami. Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe, kwani viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto, ambayo ni hatari kwa mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa.

Kazi ya nyumbani na kazi ya fundi

Si kila kazi inafaa kufanyiwa uani. Kufungua, kusafisha, kupiga msasa, kubadilisha raba za breki, kufunga klachi, kuweka waya mpya na kufunga bodi ni kazi ambazo asiye fundi anaweza kujifunza. Anachohitaji ni spana za inchi, jeki nzuri, stendi imara na kitabu cha ufundi cha gari husika. Mawe na matofali si stendi. Yamewahi kupasuka na kuua.

Kuchonga silinda, kusaga krenkishafti na kuchomelea chasisi ni kazi za fundi mwenye mashine na uzoefu. Anayechomelea ahakikishe betri imeondolewa na tangi la mafuta limeshushwa na kuwekwa mbali.

Ujuzi unaopatikana haupotei. Mkulima aliyejifunza kusafisha kabureta na kurekebisha pointi za Land Rover hatashindwa na pampu ya kumwagilia inayogoma katikati ya kiangazi. Hilo ni faida ambayo haionekani kwenye bei ya gari.

Fedha iliyozama haihesabiwi

Hapa ndipo wengi huumia. Mwenye gari akishatumia fedha nyingi, husema kwamba hawezi kuacha kwa sababu "nimeshaingiza nyingi". Kiuchumi, hiyo si sababu. Fedha iliyokwishatumika hairudi, ama gari limalizike ama lisimalizike. Cha kupima ni kile kinachobaki mbele.

Tuchukue mfano. Mtu amenunua Land Rover kwa Sh milioni 3 na ametumia Sh milioni 3 nyingine. Akiiuza ilivyo, atapata Sh milioni 2. Ikimalizika itauzika kwa Sh milioni 8.

Kama kilichobaki kinahitaji Sh milioni 4, akimaliza na kuuza atabaki na Sh milioni 4, ambazo ni zaidi ya zile 2 za kuuza leo. Kumaliza kuna maana, ingawa kwa jumla atakuwa amepata hasara.

Lakini fundi akigundua kwamba chasisi imeoza na kilichobaki ni Sh milioni 7, akimaliza atabaki na Sh milioni 1 tu. Hapo ni bora auze leo. Katika hesabu zote mbili, zile Sh milioni 6 za mwanzo hazikuingia kabisa.

Mwenye mapenzi anaweza kusema kwamba hauzi, anataka gari lake. Ni haki yake. Ila ajue kwamba katika hali hiyo ya pili analipia furaha, na alipe kutoka kwenye fungu la furaha.

Kalenda ya shamba itangulie

Njia nzuri ya kulinda mtaji ni kutenga daftari na akaunti ya gari, mbali na ya shamba au duka. Baada ya mavuno, kwanza zitengwe fedha za mbegu, mbolea, ada za shule na akiba ya dharura. Kinachobaki ndicho kinachoweza kugawiwa gari, na kiasi hicho kijulikane na wote wawili, baba na mama wa nyumba.

Kwa bahati, kalenda ya gari inaendana na ya shamba. Katika maeneo mengi ya kaskazini mwa Tanzania, miezi ya Juni hadi Oktoba ni ya ukavu. Ndiyo miezi mizuri ya kuchomelea na kupaka rangi, na ndiyo yenye fedha kidogo ya mavuno. Mvua zikikaribia, gari lifunikwe turubai na spana zirudi kabatini.

Ununuzi wa spea nao ufuate hatua. Wengi hununua siti mpya na rangi wakati chasisi bado haijachomelewa, na mwishowe siti huliwa na panya. Mpangilio uwe chasisi, breki, usukani, injini, umeme, na rangi iwe ya mwisho.

Anayefuata utaratibu huo anaweza kuchukua miaka mitatu au minne. Si kuchelewa. Land Rover iliyokaa juu ya mawe miaka kumi haitadhurika kusubiri msimu mmoja zaidi ikiwa imefunikwa vizuri, lakini mahindi yaliyokosa mbolea kwa wakati wake hayasubiri.