Stensili bila daraja, umeumia!

JAMANI, mwenzenu niliwahi kukosa hela kwa sababu ya herufi. Msicheke.

Washikaji wa kijiwe kimoja cha bodaboda waliniletea reflekta 12 niwaandikie mgongoni BODABODA. Walitaka herufi nene, zilizolala kwa mbele, bomba ile mbaya. Nikachukua boksi, wembe na sponji, nikakata. Kuinua boksi langu, matumbo ya herufi yote yamedondoka chini! Nikajifanya sijaona, nikapaka hivyo hivyo. Reflekta ya kwanza ikatoka na madoa manane meusi.

"Kaka, tumekwambia bodaboda, wewe umetuchorea viazi?" akauliza mmoja. Kazi wakampa mwingine, na reflekta ile nikailipia.

Ndipo nikawafuata wakongwe wa rangi, wakanifungua macho. Hesabu mwenyewe, msomaji wangu: BODABODA ina herufi 8 na kila moja ina tumbo. B ina mawili. Jumla matumbo 10! Sasa stensili ni tundu. Ukikata tumbo la O pande zote, litashika wapi? Lazima uache kidaraja, kile kipande chembamba kinachofunga tumbo kwenye boksi. Ile mikato unayoiona kwenye maandishi ya masanduku ya jeshi siyo urembo. Ni madaraja.

Urembo ulikuja baadaye. Mwaka 1937 huko Marekani, Gerry Powell na R. Hunter Middleton kila mmoja alitoa chapa yake ya kiwandani, zote zikiitwa Stencil. Herufi za chapa zimeumbwa kwa risasi, hazidondoki tumbo, lakini madaraja waliyaacha kwa sababu watu waliupenda ule ukali wake. Hata Public Enemy, wale jamaa wa rap waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1987, walichagua maandishi ya namna hiyo kwa jina lao. Ukiyaona tu, unajua hawa hawakuja kubembeleza mtu.

Unene nao una kazi yake. Herufi nyembamba ukiikata daraja, inabaki kama imevunjika. Nene ina nyama ya kutoa na bado inasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara. Daraja lenyewe lisiwe jembamba kuliko njiti ya kiberiti, la sivyo rangi ikilowesha boksi linakatika.

Na mlazo? Hapo ndipo wengi wanachemsha. Herufi ikiinama kulia, jicho linaiona inakimbia. Ikiinama, na daraja liiname vilevile. Ukilikata wima, herufi inaonekana imeteguka kiuno. Mlazo unafaa jezi, pikipiki, daladala, vitu vya mwendo. Lakini ukiandika ukutani NYUMBA HII HAIUZWI, tafadhali simamisha herufi zako. Ukizilaza, mnunuzi atadhani nyumba yenyewe iko mbioni kuhama!

Kwa hiyo kijana unayetaka kuanza na wembe wako, kabla ya kumwaga rangi hesabu matumbo, kisha chora madaraja kwa penseli. Jaribu kwanza kwenye gazeti, siyo kwenye mali ya mtu.

Ile reflekta ya viazi bado ninayo. Naivaa kila nikipaka rangi, nisije nikajisahau.